Riwaya za Kuchekesha na Kutisha: Ipi Ununue Kwanza

Kwenye misiba mingi ya Tanzania bara, mtani wa marehemu huja na vituko vyake. Ataiga mwendo wa marehemu, atadai deni ambalo halipo, na wapo wanaoingia kaburini wakiapa hawatoki mpaka walipwe. Wafiwa wenye macho mekundu wanaangua kicheko. Na mtani huyohuyo ndiye aliyekuwa akichota maji na kukoka moto tangu alfajiri. Anaruhusiwa kuchekesha kwa sababu msiba ni wake pia.

Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyopanga riwaya za mizimu, mashetani na wachawi zinazochekesha. Zipo nyingi madukani ambazo kifo ndani yake ni kichekesho tu, hakuna anayelia, na ukifika katikati umeshachoka. Ninazozipenda ni zile ambazo kicheko na hofu vinatoka mahali pamoja. Kama pesa yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua kwa mpangilio huu.

Nafasi ya kwanza naipa Wizard of the Crow ya Ngũgĩ wa Thiong'o, bila kusita. Aliiandika kwa Kigikuyu, Mũrogi wa Kagogo, ikaanza kutoka Nairobi mwaka 2004, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006. Nchi ni Aburĩria, na Mtawala wake anaandaliwa zawadi ya siku ya kuzaliwa: mnara wa kufika mbinguni, akamwamkie Mungu kila asubuhi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia Nzima. Waziri Machokali alikwenda London kufanyiwa upasuaji wa kukuza macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipojificha. Mwenzake Sikiokuu akaenda Paris kukuza masikio. Msomaji wa Kiswahili anacheka mapema kuliko wasomaji wengine wote, maana majina haya hayahitaji kufafanuliwa.

Kuna tukio moja ambalo kwangu linatosha kulipia kitabu kizima. Kamĩtĩ, kijana mwenye digrii na hana kazi, anakimbizwa na polisi usiku. Ili kujiokoa anatundika mlangoni furushi la vitu vya kutisha na bango linaloonya kwamba nyumba ile ni ya mchawi anayeangusha hata kunguru kutoka angani. Polisi wanatimua mbio. Muda si muda askari mmoja anarudi peke yake, kwa adabu zote, kumwomba mchawi amsafishie nyota. Hapo ndipo uchawi unapoanza, kwa uwongo wa mtu aliyebanwa na kwa tamaa ya mtu mwenye sare. Anayejua jinsi wakubwa wetu wanavyohangaika kwa waganga uchaguzi unapokaribia atacheka, kisha atanyamaza.

Kasoro yake ni unene: kurasa zaidi ya 700. Kwa hiyo usinunue nakala za barabarani zilizochakachuliwa. Kitabu kinene chenye gundi hafifu huanza kumwaga kurasa kabla hujafika nusu, na maandishi yake hufifia. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na pesa ya nakala halali ni haki ya warithi wake.

Ya pili ni The Master and Margarita ya Mikhail Bulgakov. Shetani anafika Moscow ya enzi za Stalin akiwa na kundi lake, akiwemo paka mkubwa anayetembea kwa miguu miwili na kutaka kupanda tramu akiwa na nauli yake mkononi. Kwenye ukumbi wa maonyesho wanamwaga noti kutoka darini na kuwagawia wanawake magauni ya Paris. Onyesho likiisha, magauni yanayeyuka na wenyewe wanabaki barabarani na nguo za ndani. Bulgakov aliifanyia kazi kuanzia 1928 hadi alipokufa mwaka 1940. Katikati, mwaka 1930, aliuchoma mswada wa mwanzo, akaanza upya. Mjane wake Elena aliutunza mswada wa mwisho hadi ukachapishwa jaridani kati ya 1966 na 1967, tena ukiwa umekatwakatwa na wadhibiti.

Hapa mnunuzi awe macho. Tafsiri ya Kiingereza ya Mirra Ginsburg ya 1967 ina Kiingereza kizuri lakini ilifuata toleo hilo lililokatwa, na kwenye vitabu vya mtumba unaweza kukutana nayo. Tafuta ya Burgin na O'Connor au ya Pevear na Volokhonsky, zote za miaka ya 1990 na zote kamili. Na sura za Pilato, zile za hukumu ya Yesu, usiziruke hata kama zinaonekana za kitabu kingine.

Ya tatu ni kwa anayetaka Kiswahili: Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, Jomo Kenyatta Foundation, 2001. K ni mtu aliyeshiba cheo na kuwasahau wenziwe, mpaka babu yake aliyekwisha kufa anamjia na kumlazimisha aone. Kicheko chake ni kikavu zaidi, kichungu, na lugha yake ya Kizanzibari ni tamu ajabu. Kwa ucheshi mtupu ingekaa chini zaidi. Nimeipandisha kwa sababu mzuka wake anamwonea uchungu mjukuu hata anapomsuta.

Ya nne ni The Seven Moons of Maali Almeida ya Shehan Karunatilaka wa Sri Lanka, iliyoshinda Tuzo ya Booker mwaka 2022. Mpiga picha za vita anazinduka ahera, na ahera yenyewe ni foleni, makaratasi na makarani waliochoka. Ana miezi saba, yaani usiku saba, kujua nani amemuua na kuwaongoza wapenzi wake wafike zilipo picha alizoficha. Inatisha kweli, kuna maiti zilizokatwa, usimpe mtoto. Toleo la awali lilitoka India mwaka 2020 kwa jina Chats with the Dead. Ukishapata hili jipya, la zamani si lazima.

Mwenye muda mfupi aanze na ya tano, Mémoires de porc-épic ya Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, Tuzo ya Renaudot 2006. Nungunungu ameketi chini ya mbuyu akiusimulia mauaji aliyoyatenda kwa amri ya bwana wake, na kitabu kizima hakina nukta hata moja. Wasomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura waichukue kwa Kifaransa. Ya Kiingereza, Memoirs of a Porcupine, ilitafsiriwa na Helen Stevenson na inafaa pia.

Dukani, kabla ya kulipa, tafuta kifo cha kwanza kitabuni na usome kurasa mbili tatu kukizunguka. Kama hakuna mhusika hata mmoja aliyepotelewa na kitu, kirudishe rafuni. Duka likiwa halina unachotaka, waachie jina kamili la kitabu, mwandishi na mtafsiri, maana ukitaja kichwa pekee cha Bulgakov utaletewa tafsiri yoyote iliyopo.