Seti ya Kuruka Kifidiaji cha Mafuta kwenye LDT-465: Nimeifunga, Haya Ndiyo Niliyoyaona

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena chini ya boneti. Leo tuko na M35A2, lori la zamani la jeshi la Marekani, ekseli tatu na magurudumu yote yanavuta. Hapa mkononi nina seti yenyewe: paipu moja ya mpira iliyosukwa waya, viungio viwili, vizibo viwili na washa za kopa. Ni hivyo tu. Kazi yake ni kuyapeleka mafuta moja kwa moja kwenye kichwa cha pampu ya nozeli bila kupitia kifidiaji, yaani kile kifaa kinachorekebisha kipimo cha mafuta kulingana na wepesi au uzito wake. Mmeniuliza sana kama inaongeza nguvu. Haiongezi. Inazuia kuvuja, na kwa kazi hiyo ndiyo nitaipima.

Tuanze na hiki kifidiaji, maana ukikielewa utajua kama seti inakufaa. Injini ni LDT-465, silinda sita za mstari mmoja, lita 7.8, ina turbo, mgandamizo wake ni 22 kwa 1. Jeshi halikutaka lori likwame kwa kukosa dizeli, kwa hiyo injini hii hunywa dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ikibidi. Siri iko kwenye pistoni. Kichwani mwake kuna shimo la mviringo kama chungu kidogo, na nozeli huyapaka mafuta kwenye kuta za chungu hicho badala ya kuyatawanya yote hewani. Yanapashwa na ukuta, yanageuka mvuke, yanaungua taratibu. Ni ubunifu wa M.A.N. wa Ujerumani, na mimi kila nikiishika pistoni hiyo huwa sichoki kuitazama.

Sasa, lita ya petroli ina nishati pungufu kuliko lita ya dizeli. Pampu ikitoa kipimo kilekile, lori litalegea mlimani. Kifidiaji kipo kwa ajili hiyo: mafuta yakiwa mepesi kinasogeza kizuizi, yaani kikomo cha mafuta ambayo pampu inaweza kutoa, ili itoe mengi zaidi, yakiwa mazito kinabana. Kilikuwa kifaa cha akili sana, ila oringi zake, zile pete za mpira za kuzibia, zimezeeka pamoja na lori.

Na kuvuja kwake si kule kwa kuchafua sakafu peke yake. Pampu hii inalainishwa na oili ya injini, kwa hiyo dizeli ikivujia ndani inateremka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mimi niligundua kwa kijiti cha oili. Nilipima asubuhi, kiwango kimepanda, na sikuwa nimeongeza kitu. Nikanusa: dizeli. Ukiona hivyo, tafadhali usiwashe injini. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki kwenye beringi, na beringi za krenki zikiliwa utalia.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Osha pampu na eneo lote kabla hujalegeza nati hata moja, kwa sababu ndani ya kichwa cha pampu kuna plunja moja, yaani pistoni ndogo inayosukuma mafuta, inayolisha silinda zote sita, na chembe ya mchanga inatosha kuiharibu. Washa za kopa weka mpya, usirudishe za zamani. Kisha toa upepo: fungua swichi ili pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi isukume, legeza valvu ya kutolea hewa kwenye filta, subiri mapovu yaishe, funga.

Malalamiko ninayo mawili. Kiungio kimoja nyuzi zake zilikatwa vibaya. Kilikaza vizuri mkononi, lakini injini ilipowaka kikaanza kutoa jasho la dizeli, nikalazimika kukibadilisha. Hilo limeniudhi, maana mtu ananunua seti hii ili kuondoa uvujaji. La pili, paipu ni ndefu kidogo na inagusa bloku. Nimeizungusha upya na kuifunga kwa klipu. Mpira ukisuguliwa na chuma kinachotetemeka, hautadumu.

Kuna jambo ambalo maelezo ya seti hayakuligusa kabisa. Ukishakiruka kifidiaji, kizuizi kinabaki mahali pamoja. Kwa hiyo kiwango cha juu cha mafuta lazima kikaguliwe upya, na hapo ndipo watu wanashika bisibisi na kuongeza tu. Subiri kwanza! Funga kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo, na kipimo cha presha ya turbo. Wenye uzoefu na injini hizi hawapendi kuvuka nyuzi 700 za Selsiasi. Moshi mweusi mzito maana yake unamwaga mafuta yasiyopata hewa ya kutosha, joto linapanda, pistoni za aluminiamu zinateseka. Gasketi za silinda hedi nazo ni udhaifu unaojulikana wa injini hii, na hedi ziko mbili, kila moja imefunika silinda tatu. Mimi nimeongeza kidogo sana, nikapanda mlima mrefu na mzigo huku macho yako kwenye kipimo, nikaridhika.

Je, ninaipendekeza? Kwa lori linalotumia dizeli peke yake, ndiyo, hata kwa kasoro zile mbili. Baada ya kumwaga oili yote na kuweka mpya, kijiti hakijapanda tena. Lakini kama unachanganya mafuta, leo dizeli, kesho mafuta ya taa, acha kifidiaji chako kifanye kazi yake na utafute oringi mpya.

Haya, sogezeni masikio. Napiga stata.