Miezi mitatu na programu ya kukata tiketi za basi: nyota mbili

Jina la programu nalihifadhi, maana sina nia ya kugombana na mtu. Naitumia kukata tiketi za Moshi kwenda Dar es Salaam, na uzuri wake ni kwamba sishuki tena stendi kuvutwa mkono na wapiga debe. Bei iko wazi, majina ya abiria inayatunza. Hapo nyota mbili zimeisha.

Mwezi uliopita nilimkatia mama mkubwa, anayekaa Kibosho. Nikachagua basi la 06:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi, nikaweka namba yake ya simu ili ujumbe umfikie mwenyewe. Sikumpigia, nikiamini ujumbe unatosha. Siku ya safari, kwenye saa tano na nusu mchana, ananipigia kutoka stendi: basi halionekani. Nikamwambia anisomee ujumbe. “Kuondoka saa 6:00.” Basi lilikuwa limeshaipita Korogwe.

Dada wa huduma kwa wateja alimjibu kwa upole kwamba hizo ni saa za kizungu. Mama mkubwa akauliza, “Sasa mbona mmeandika Kiswahili?” Dada hakuwa na jibu. Nauli ikapotea, akalipa nyingine.

Mimi nafundisha kompyuta, na somo hili lina jina zito: ergonomia ya utambuzi. Maana yake ni nyepesi. Kiti kinatengenezwa kifuate mgongo wa mkaaji. Vivyo hivyo kioo cha simu kifuate namna mtu anavyofikiri, anavyokumbuka na anavyokosea. Kwetu saa moja ni jua limechomoza. Aliyetafsiri programu alibadilisha maneno, saa akaiacha ilivyo. Neno moja tu, “asubuhi”, lingemshtua mama mkubwa. Mpiga debe ambaye hajawahi kusikia habari za ergonomia hawezi kufanya kosa hilo, atakupigia kelele “kumi na mbili asubuhi, mama!” mpaka uelewe.

Kero ya pili ni malipo. Unapewa kumbukumbu namba ya tarakimu 12 zilizoungana kama shanga, hazinakiliki, na ukitoka kwenda menyu ya pesa ule ukurasa unapotea. Unabaki unanong’ona namba kichwani huku menyu nayo inakukatia kwamba muda umekwisha. Mwaka 1956 George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba hivi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwenzake, Nelson Cowan, akashusha hadi karibu vinne. Kitu kimoja si lazima kiwe tarakimu moja, chaweza kuwa fungu. Ndiyo maana tokeni ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, yenye tarakimu 20, haitusumbui: inakuja nne nne, mtoto anasoma fungu, wewe unabonyeza. Hawa wameshindwa kuweka nafasi mbili tu kati ya tarakimu. Siku hizi naandika kiganjani kwa kalamu, mwalimu mzima wa kompyuta.

Kuhusu siti sina mengi. Mchoro hauna alama ya usukani, kwa hiyo safu ya juu niliyodhani ni ya mbele kumbe ni ya nyuma kabisa, na mtu anayetapika safarini ananielewa. Vitufe vya “Lipa” na “Ghairi” navyo vimebanana, ukubwa mmoja, rangi moja.

Niliwaandikia yote haya. Wakajibu kwa kunielekeza nisome maelekezo ya matumizi, kurasa kumi na moja.

Safari ya kurudi nimemkatia tena, maana kijana wa kumpeleka stendi ya Dar hakuwepo. Safari hii nilimpigia mwenyewe: “Shikamoo mama mkubwa, basi ni saa kumi na mbili alfajiri.”

“Marahaba mwanangu. Alfajiri ya kwetu au ya simu?”