TAHADHARI: Namba za GenBank zinazouzwa Mtwara ni namba hewa

Wadau wa maabara, kilimo na afya mlioko Mtwara na Lindi, hasa nyie mnaomalizia shahada ya uzamili: kuna mtu anazunguka akiuza "leseni" za kuingia kwenye hifadhidata za kisayansi, na anauza pia namba za usajili za GenBank, hifadhidata ya Marekani ya sikwensi, yaani mpangilio wa herufi za jeni; kila sikwensi inayowekwa humo hupewa namba yake. Msimpe hata shilingi. Vitu hivyo haviuzwi. Mimi nimeshapigwa 470,000 na naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe nikiropoka.

Jina na namba yake ya simu siweki hapa kwa sababu shauri liko polisi na RB ninayo. Ila mtamjua kwa maneno yake. Mtanashati, anaongea taratibu, anakuita "mdogo wangu", na anajitambulisha kuwa "wakala wa data za jeni Kanda ya Kusini". Hakuna wakala wa namna hiyo, si Kusini wala Kaskazini.

Ilikuwa hivi. Nafanya utafiti wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Nilikusanya majani Newala, Tandahimba na Nachingwea, sampuli zikapelekwa kusomwa nje ya nchi, zikarudi kama faili za FASTA: sikwensi 14 za jeni ya ganda la kirusi. Kwa asiyezijua, FASTA ni faili la maandishi tu, mstari mmoja wa jina halafu herufi A, C, G na T zimejipanga kama siafu. Msimamizi wangu akanipigia: kabla makala haijaenda jaridani, sikwensi ziwe GenBank, niletee namba zake. Nikajibu "sawa, mwalimu". Kuuliza zinawekwaje niliona aibu, mtu mzima niko mwaka wa pili. Rafiki akasema kuna kaka mmoja anawasaidia watu mambo hayo, akaniunganisha naye.

Tulikutana kwenye steshenari moja, akafungua kompyuta yake. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe Mmakonde?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika chikungunya, ukurasa ukafunguka. "Unaona? Hiki kirusi jina lake ni la wazee wenu." Na hapo hakudanganya. Mlipuko wa kwanza kuelezwa na madaktari ulitokea uwanda wa Makonde, huko Newala, mwaka 1952, na jina ni la Kimakonde, linasema jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Kirusi kilichopatikana kwenye mlipuko ule kimo GenBank, herufi zake elfu kumi na moja na ushee, hakuna iliyofichwa. Nilisisimka mpaka nikasahau kuuliza swali moja dogo: je, ukurasa huu mimi siwezi kuufungua kwenye simu yangu? Ningeweza. Unafunguka kwa kila mtu, bila kujisajili, bila kulipa. Ni kama mtu akusimamishe ufukweni Shangani, akuonyeshe bahari, halafu akudai kiingilio.

Bei zake: leseni ya mwaka ya "GenBank, PubMed na UniProt" (PubMed ni ya makala za tiba, UniProt ya protini) 120,000. Namba ya usajili 25,000 kwa kila sikwensi, zangu 14, piga hesabu. Nikamrushia kwa simu mara mbili. Laini ilileta jina la mwanamke, akasema ni mhasibu wake.

Akanitumia kiungo cha "kufungulia akaunti". Ukurasa una rangi kabisa za NCBI, kituo cha Marekani kinachoendesha GenBank, unataka barua pepe na nenosiri la barua pepe hiyo. Nikajaza. Ndiyo, nilijaza, msinicheke. Siku ya pili watu niliowahi kuandikiana nao wakaanza kupokea ujumbe wangu wa kuomba mkopo wa dharura.

Namba zilikuja baada ya siku tatu, kwenye cheti chenye muhuri. Muhuri! Akaongeza kwamba hizo ni za Marekani tu, nikitaka sikwensi zionekane Ulaya na Japani niongeze 60,000. Sikuwa nayo, na ukata huo ndio ulioniokoa. Jamani, GenBank ya Marekani, ENA ya Ulaya iliyoko Uingereza na DDBJ ya Japani hubadilishana data kila siku. Ukiweka kwenye moja, zote tatu zinayo. Hakuna nauli ya kuivusha.

Nikazipeleka namba kwa msimamizi, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi simu: "Wewe umetafiti mihogo au samaki?" Alikuwa ameiandika namba ya kwanza kwenye kisanduku cha kutafutia, ikafungua jeni ya samaki iliyowekwa na watu wa Asia. Ya pili, bakteria. Ya tatu haipo kabisa. Kumbe jamaa anachukua namba za watu wengine, herufi mbili na tarakimu sita kama kawaida, anazipanga kwenye jedwali na kupiga muhuri. Fikiria makala ingetoka hivyo. Fedha ningezisahau siku moja, lakini jina langu lingebaki limeandikwa kwamba nimeghushi data.

Sasa niseme nilichojifunza, kwa gharama yangu, nyie mkisome bure.

Kuweka sikwensi GenBank hakulipiwi. Zikiwa chache kama zangu unatumia BankIt, fomu iliyoko kwenye tovuti yao, unajibu maswali: kiumbe gani, kimetoka wapi, tarehe gani, jeni ipi inaanzia herufi ya ngapi. Fomu inachosha, sikatai, na mtandao ukiwa wa kusuasua utahisi kuitupa simu baharini. Lakini namba huja kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi, na huja kwenye barua pepe yako wewe mwenyewe uliyeziwasilisha, haipiti kwa kaka yeyote. Ukiogopa kuibiwa matokeo, unaomba zifichwe hadi makala itoke. Cheti hawatoi.

Kuingia unahitaji akaunti, na hapa ndipo nilipoingizwa mjini. NCBI siku hizi haina nenosiri lake. Unaingia kwa kupitia ORCID (kitambulisho cha mtandaoni cha watafiti), Google au taasisi yako, na nenosiri unaliandika kwenye ukurasa wa hao wenyewe. Ukurasa wenye sura ya NCBI unaokutaka uandike nenosiri la barua pepe yako hapo hapo ni mtego. Angalia anwani pia: ya kweli ni ncbi.nlm.nih.gov, na baada ya hiyo gov linakuja mkwaju (/) au hakuna kitu. Ya kwangu iliendelea na nukta na maneno mengine, nami nilisoma mwanzo tu.

PubMed ni bure, UniProt ni bure, na maumbo ya protini ya AlphaFold, zaidi ya milioni 200, ni bure vilevile. Zipo zinazolipiwa, tusidanganyane. Scopus na Web of Science, za kutafutia makala za kisayansi, zinauzwa, ila wanaonunua ni vyuo na taasisi, kwa mikataba. Mtu anayekuuzia "akaunti ya Scopus" kwa laki moja anakuuzia akaunti ya mtu mwingine.

Huyu bwana anauza pia nenosiri la HINARI kwa 60,000. Hili linaniuma zaidi. HINARI ilianzishwa 2002 chini ya WHO, na AGORA ya kilimo mwaka uliofuata chini ya FAO, ili nchi kama yetu zisome majarida ya gharama. Taasisi za Tanzania hazilipi kitu. Nenosiri linatolewa kwa taasisi, na mtunza maktaba ndiye mwenye kazi ya kukupa wewe mwanafunzi wake. Likianza kuuzwa steshenari, taasisi nzima inaweza kufungiwa, na hospitali ya wilaya iliyokuwa ikisoma kuhusu dawa itakosa. Muulizeni mtunza maktaba. Wengi wanakaa pale hawaulizwi chochote isipokuwa ufunguo wa choo.

Kama umeshampa nenosiri lako, badilisha leo, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu angalia kwenye mipangilio kama barua zako zinaelekezwa anwani nyingine. Zangu zilikuwa zinaelekezwa. Ujumbe wake wa simu utume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli, kisha nenda polisi na miamala yako yote imechapishwa. Mimi nilienda na picha za skrini tu, nikarudishwa.

Sikwensi zangu nimeziweka mwenyewe, jioni mbili, namba 14 za kweli ninazo. Na kwa kuwa faili zangu anazo, kila Jumatatu naziingiza BLAST, chombo cha kulinganisha sikwensi na zilizoko kwenye hifadhidata, kuona kama zimeibuka kwa jina la mtu mwingine. Aliyekwama kwenye BankIt aniandikie, nitamwelekeza, sitaki hata soda.

Nyongeza ya leo asubuhi: yuko Lindi, amebadilisha laini. Sasa anawafuata wanafunzi wa misitu wanaofanya kazi Rondo, anawauzia "uanachama wa GBIF" kwa 90,000 ili wapakue rekodi za mimea na wanyama. GBIF unajisajili kwa barua pepe, unapakua, basi.