Bomba linagonga baada ya ukarabati wa bafu: klampu au kizuia mshtuko?

Bafu limebadilishwa, na sasa kila ukifunga koki ukuta unagonga. Njia mbili hutajwa zaidi: kukaza bomba kwa klampu zenye mpira, au kufunga kizuia mshtuko, yaani kikopo chenye pistoni na hewa iliyofungiwa ndani.

Klampu ni rahisi, na zinatibu bomba linalochezacheza. Lakini hazigusi chanzo: koki za kisasa za mkono mmoja hukata maji ghafla, na maji yaliyokuwa mbioni hurudisha kishindo kwenye bomba. Kishindo hicho ndicho kinachomezwa na kizuia mshtuko, mradi kikae karibu na koki au mashine ya kufulia inayokisababisha. Kikiwekwa mbali, umepoteza pesa.

Mimi ningeanza na klampu pale bomba linapofikika, bila kulibana mno la maji moto, maana hutanuka na litaanza kulia tik-tik. Ukuta umeshapigwa vigae? Basi kizuia mshtuko, wala usibomoe. Ila pima presha kwanza: ikizidi baa 5, valvu ya kupunguza presha huenda ikamaliza kelele kabla ya hayo yote.