Fundi aliyenitengenezea tovuti ya duka la asali, Dodoma

Nauza asali hapa Dodoma mjini. Naichukua kwa wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi, naichuja, naipaki kwenye chupa za nusu kilo na za kilo. Wateja wangu ni watumishi wa ofisi za Mtumba, watu wa UDOM, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, abiria wanaotaka zawadi ya kupeleka Dar. Biashara yote ilikuwa inapita WhatsApp na Instagram. Waliofanya nitafute tovuti ni watu wa manunuzi wa maofisini. Hao wanataka proforma, wanataka TIN, wanataka kuona nembo ya TBS, na wakikutumia barua pepe wanapenda anwani yako iishie na jina la biashara yako.

Nilimpata kijana mmoja mwenye ofisi ndogo katikati ya mji, kwenye zile barabara za namba. Tulikubaliana laki nne, ndani yake mkiwemo jina la tovuti linaloishia na co.tz na hostingi, yaani nafasi ya kuiweka tovuti mtandaoni, ya mwaka wa kwanza. Jina lilikuwa sehemu ndogo ya bili. Kilichokula hela ni kazi yake, na ni sawa. Kwa kazi ile nampendekeza kwa yeyote mwenye duka au kiwanda kidogo, na sababu yangu kubwa ni kwamba kila kitu kimeandikwa kwa jina langu.

Hili wengi hawaliulizi. Jina la tovuti linaloishia na .tz husajiliwa kupitia wakala aliyeidhinishwa, na fomu ya usajili inataka jina la mmiliki, simu na barua pepe. Barua pepe hiyo ndiyo inayopokea taarifa za kulipia upya kila mwaka na za kubadilisha neno la siri. Mafundi kadhaa hujaza ya kwao kwa sababu ni haraka. Jirani yangu anayeshona sare za shule alifanyiwa hivyo. Fundi akahamia mkoa mwingine, akabadilisha namba ya simu, mwaka ukaisha, jina likakatika. Kadi za biashara na bango la dukani bado vina anwani isiyofunguka, na kulidai jina ni vigumu maana kwenye kumbukumbu halikuwahi kuwa lake.

Huyu wangu alinikalisha chini, akasema, “Mama, fungua mwenyewe kwa simu yako.” Akaunti ya wakala nikaifungua kwa barua pepe yangu, ya hostingi vilevile. Kwenye WordPress, programu inayoendesha tovuti, mimi ndiye msimamizi mkuu. Yeye alijiwekea akaunti yake pembeni, akanionyesha na kitufe cha kuifuta siku nitakayotaka. Sijui kwa nini hili halifanywi na kila fundi. Lingepaswa kuwa jambo la lazima, kama risiti.

Jambo la pili lililonifurahisha ni jinsi alivyoanza. Hakuniuliza napenda rangi gani. Aliuliza, “Wateja wanakuuliza nini kila siku?” Nikamtajia. Kwa nini asali imeganda, umeweka sukari? Kwa nini ya nyuki wadogo ni ghali, halafu nyepesi na ina uchachu? Mtoto mchanga naweza kumlambisha? Mzigo wa Mwanza unatumaje? Akayaandika kwenye daftari, na hayo ndiyo yaliyokuwa kurasa za tovuti.

Kwa hiyo sasa kuna ukurasa unaoeleza kwamba asali halisi huganda, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, na kwamba unaiyeyusha kwa kuiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka. Kuna unaoeleza kuwa asali ya nyuki wadogo ina maji mengi zaidi na asidi zaidi, ndiyo ladha yake. Na kuna onyo la watoto: chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wa mtoto wa umri huo hauwezi kuwazuia wasizaliane. Fundi aliniuliza kama nina uhakika wa kuweka onyo mahali ninapouzia. Nikamwambia liwekwe juu kabisa, mtu alione kabla ya bei. Zamani majibu haya nilikuwa nayaandika kwa kidole gumba usiku. Sasa natuma kiungo.

Malipo ya kadi na kikapu cha manunuzi hatukuweka. Wateja wangu wanalipa kwa lipa namba, na mzigo wa mkoani naupeleka stendi kuu ya Nanenane upande basi. Kilichotosha ni kitufe cha WhatsApp: anwani ya wa.me, kisha namba yangu ikianza na 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Mteja akibonyeza, ujumbe wa oda unakuja umeshaandikwa, anajaza idadi tu.

Kasoro zipo. Tovuti ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa ya Kiingereza, na juu kulikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu akichovya kijiti cha mbao kwenye bakuli la kioo. Nikataka Kiswahili kwanza, na picha za mizinga yetu ya magogo iliyotundikwa mitini Manyoni. Alibadilisha bila kununa. Pia aliweka picha kubwa zinazopita zenyewe, kila moja megabaiti kadhaa. Mtu aliye Bahi na bando la mia tano hawezi kusubiri hizo. Tukabakiza moja, chini ya kilobaiti 200, na ukurasa sasa unafunguka upesi hata kwa simu ya bei ndogo. Na muda: aliahidi wiki, ikavutwa sana, mwisho wa juma simu haipokei.

Alitaka pia ada ya matunzo kila mwezi. Nimekataa, na kwa tovuti ya kurasa chache nawashauri mkatae. Cheti cha usalama ni cha bure cha Let's Encrypt, kinadumu muda mfupi na hostingi inakihuisha yenyewe. Bila hicho, Chrome tangu 2018 inamwambia mgeni kwamba tovuti si salama. Nakala za akiba zinakwenda Google Drive yangu kwa plagini, programu ndogo ya nyongeza, ya bure. WordPress ikihitaji kusasishwa inanitangazia, nami nabonyeza.

Anayetaka namba yake aniulize, nitampa kwa ridhaa ya kijana mwenyewe. Ukienda, beba picha zako, leseni, TIN, na barua pepe ambayo neno lake la siri unalijua wewe. Hela alichukua nusu mwanzoni. Nusu ya pili tulikubaliana nitaitoa siku nitakayoingia kwa simu yangu na kubadilisha bei ya chupa ya nusu kilo bila yeye kugusa chochote, na ndivyo tulivyomalizana.