Uzoefu wangu: dakika 31 za "Dark Star", Grateful Dead, Veneta 1972

Napiga gitaa la rhythm kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Waimbaji wakimaliza beti tunaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, na hapo kazi yangu ni moja: kukata palepale, yaani kurudia mkato uleule wa gitaa bila kuyumba, mpaka kiongozi atoe ishara. Kwa hiyo nilipoinunua Sunshine Daydream, albamu yenye "Dark Star" hii, nilikuwa na swali la kifundi. Wimbo wa dakika 31, usio na kiitikio cha kurudiwarudiwa, wala wanenguaji, wala rapu ya kuwapandisha watu mori, unashikiliwa na nini?

Nimeusikiliza karibu kila usiku kwa mwezi mzima.

Kwa asiyewajua, Grateful Dead ni bendi ya California iliyoanza 1965, na waliomfuata mpiga gitaa Jerry Garcia na wenzake mji hadi mji walijua kwamba wimbo wa jana hautapigwa leo kama ulivyopigwa jana. "Dark Star" ilitoka 1968 kwenye santuri ndogo, haikufika hata dakika 3. Jukwaani wakaifungua, ikawa ndefu. Rekodi hii ni ya tarehe 27 Agosti 1972, uwanja wa wazi huko Veneta, Oregon, kwenye onyesho la kukichangia kiwanda kidogo cha maziwa na mtindi, Springfield Creamery, kilichokuwa kimebanwa na madeni. Tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi. Jua lilikuwa kali mno, joto likapita nyuzijoto 38, na ukisikiliza seti za mwanzo, yaani sehemu za kwanza za onyesho, utasikia nyuzi za magitaa zinalegea na kutoka kwenye tyuni, na wenyewe wanahangaika kuzirudisha. "Dark Star" imo kwenye seti ya tatu, jua linazama.

Msingi wake ni mwepesi, ufunguo wa A, na kwa muda mrefu hawatoki hapo. Kinachotoka ni kila kitu kingine. Garcia anatupa kipande kifupi cha solo, anakiacha kining'inie. Keith Godchaux anakidaka kwenye piano, lakini hakirudii, anakimalizia kwa namna yake. Bob Weir, ambaye kwa vyeo vya kwetu ndiye mwenye rhythm, hakati hata kidogo. Anachomeka sauti mbili, tatu, kisha ananyamaza. Kunyamaza kule kulinisumbua wiki nzima ya kwanza. Mimi nikinyamaza jukwaani, wacheza dansi wanasimama. Yeye akinyamaza, unaanza kusikia piano ilikuwa inasema nini.

Ila aliyeniteka ni Phil Lesh kwenye besi. Huyu alisomea tarumbeta, besi aliijulia ndani ya bendi, na inasikika. Anaimba nayo. Nilimpelekea mzee wetu wa besi, mtu aliyepiga tangu enzi za bendi za mashirika, tukaisikiliza kwenye spika ndogo kabla ya mazoezi. Alikuwa ameshika kizibo cha chupa ya maji, anakigonga taratibu kwenye goti. Ilipofika sehemu besi na drams za Bill Kreutzmann zimeachwa peke yake, kizibo kikasimama.

"Kijana, rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyu hajamwachia mpiga drams mzigo. Wanabeba wote. Rudisha tena."

Tulirudisha mara nne, mazoezi yakachelewa.

Uimbaji ni ubeti mmoja tu, nao unakuja baada ya safari ndefu. Baadaye kuna sehemu ambayo magitaa yanaachiwa yapige kelele, mapigo yanapotea kabisa. Nasema wazi kwamba hapo sijapazoea. Mwanzo nilikuwa naparuka. Siku hizi siparuki, kwa sababu nimegundua kelele ile inapokatika, na Weir akaingia moja kwa moja kwenye "El Paso", wimbo mtulivu wa hadithi ya mchunga ng'ombe, mwili mzima unashuka. Ukiruka kelele, ule mshuko huupati.

Kuhusu bidhaa yenyewe: ilitolewa rasmi 2013, CD 3 pamoja na filamu. Kwa rekodi ya uwanjani ya miaka ile sauti ni safi kweli, kila chombo kina nafasi yake na besi haijamezwa. Kwenye spika ya simu usijisumbue, nusu ya wimbo hutaisikia. Tafuta hedifoni, zima taa, usianze na CD ya kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye seti ya tatu, mfuate Lesh peke yake mpaka mwisho, halafu urudie ukimfuata Godchaux. Sisi wiki iliyopita kwenye mazoezi tumejaribu chemko moja ambalo nilikaa kimya mizunguko minane. Kwenye mzunguko wa tano mzee alianza kuimba na besi.