'Encounter' na 'confront': lipi litumike wapi?

Kinachoyatenganisha maneno haya ya Kiingereza ni nia. 'Encounter' ni kukumbana na mtu au jambo bila kupanga: simba njiani, hitilafu kazini. 'Confront' ni kumkabili mtu makusudi, uso kwa uso. Kwa miadi ya saa kumi, yote mawili hayafai, tumia 'meet'.

Kosa sugu ni 'encountered with a problem', linalotokana na mazoea yetu ya kusema 'kukutana na'. Kitenzi hiki hakihitaji 'with': andika 'encountered a problem'. Nomino ndiyo huihitaji: 'an encounter with a lion'. 'Confront' huipokea inapotajwa hoja au kithibitisho: 'confronted him with the evidence'.

Tahadhari kwa wasomaji wa magazeti ya India: huko 'encounter' mara nyingi ni polisi kumuua mshukiwa kwa risasi.